Okidi tatu za bei ya kutupa: nianze kuokoa ipi, na kwa vipi?

Chipukizi_wa_Dirishani

Habari zenu wapenzi wa mimea.

Kwa muda mrefu nimekuwa nikipita kando ya ile meza ya nyuma dukani, wanakoweka mimea iliyoshushwa bei kwa kuwa maua yake yamekwisha, na kila nikipita moyo unaniuma. Safari hii nimeshindwa kuiacha. Nimerudi nyumbani na okidi tatu. Mimea ya kawaida ya majani nimeilea na inaniendea vizuri, ila okidi sijawahi, na naona hizi zina mambo yake. Sitaki papara yangu iwe ndiyo itakayozimaliza.

Nieleze nilivyozikuta.

Ya kwanza ni Phalaenopsis, ndivyo kibandiko kinavyosema. Ina majani matano mapana, lakini yote yamelegea na yana mikunjo midogomidogo ya kwenda na urefu wa jani. Kikonyo cha maua kimebaki kitupu, kahawia juu na kijani chini. Imo ndani ya kopo la plastiki linaloonyesha ndani, na kopo limetumbukizwa kwenye chungu cha kauri kisicho na tundu. Nilipolinyanyua nilikuta maji yamesimama chini, na yananuka.

Ya pili ni Phalaenopsis pia, ndogo zaidi. Majani matatu magumu ya kijani kibichi, ila la chini kabisa limegeuka njano lote. Mizizi kadhaa imetoka nje ya kopo na inaning'inia hewani, rangi ya fedha. Ina matumba mawili yaliyonyauka kabla ya kufunguka.

Ya tatu haina kibandiko. Ni vijiti vinne vinene vyenye vifundo, urefu wa shibiri mbili hivi. Viwili havina hata jani moja na vimekunjamana. Kwenye vile vyenye majani, pale jani linapokutana na kijiti, kuna utando mweupe wa pambapamba.

Nibadilishe udongo leo hii au nisubiri kwanza zizoee nyumba? Jani la njano nilikate? Kuna anayesema nipake mdalasini kila mahali, mwingine anasema peroksidi, mwingine anasema nimwagilie kwa vipande vya barafu. Na ile ya vijiti, pana uhai kweli hapo?

MamaVyungu

Karibu sana. Kabla hujasoma zaidi, nenda uichukue hiyo ya vijiti uipeleke chumba kingine, mbali na mimea yako yote. Huo utando mweupe ni vidungata, wadudu wadogo wanaonyonya utomvu wa mmea. Wanatembea, na wachanga wao ni wadogo mno kuonekana kwa haraka. Nawaachia wengine waieleze zaidi; mimi nitasema na hizo Phalaenopsis mbili, maana ndizo ninazozijua kwa undani.

Umeanza kwa kueleza majani, na wengi tunatazama hapo. Lakini jani la okidi hutoa habari za zamani. Jani la Phalaenopsis ni nene na linaweka akiba ya maji, kwa hiyo mmea unaweza kupoteza sehemu kubwa ya mizizi yake na majani yakaendelea kusimama wima kwa wiki nyingi. Siku unapoliona limelegea, shida ilianza kitambo. Mzizi ndio unaosema leo kuna nini. Ukijifunza kusoma mizizi utaokoa okidi nyingi, na usipojifunza, mbolea na dawa zote za dunia hazitakusaidia.

Sababu yake ni hii. Huko kwao, katika misitu ya Asia ya kusini-mashariki hadi kaskazini mwa Australia, Phalaenopsis haioti ardhini. Imeshika gome la mti juu ya tawi, mizizi iko nje kwenye hewa. Mvua inanyesha, inalowa chepechepe, kisha upepo unaikausha. Mzizi wake umevikwa tabaka jeupe la seli zilizokufa, linaitwa velameni, ambalo hufyonza maji kama sponji. Likiwa kavu limejaa hewa, ndiyo maana unaona rangi ya fedha. Likilowa, kijani kilichomo ndani ya mzizi kinajitokeza. Hiyo mizizi ya fedha inayoning'inia kwenye mmea wako wa pili haijafa hata kidogo. Imwagie maji uone itakavyogeuka mbele ya macho yako.

Sasa chukua mzizi wa namna hiyo uuzamishe ndani ya chungu kisicho na tundu. Unakosa hewa, unakufa, na kuvu na bakteria wanamalizia. Mmea wako wa kwanza umekaa juu ya maji lakini una kiu, kwa sababu mizizi ya kuyanyonya imeoza. Hapa ndipo okidi nyingi zinapofia mikononi mwa watu wenye nia njema kabisa: wanaona jani limelegea, wanaongeza maji, nalo linazidi kulegea.

Kwa hiyo mmea wa kwanza hausubiri kuzoea nyumba. Utoe leo. Kusubiri ni kwa mmea wenye mizizi mizima.

Libonyebonye kopo pande zote mpaka yaliyomo yaachie, kisha toa kila kitu taratibu. Yale magome ya zamani yatupe yote, hata kama yanaonekana bado yanafaa. Halafu tazama katikati kabisa, chini ya shina. Mara nyingi utakuta donge la sfagnamu (aina ya kuvumwani inayoshika maji sana) lililoshindiliwa, na wakati mwingine limo ndani ya kikapu kidogo cha plastiki. Hapo ndipo mche ulipoanzia maisha kitaluni, na hakuna aliyelitoa baadaye. Juu panaonekana pamekauka, wewe unamwagilia, kumbe katikati pamelowa muda wote. Lichambue kwa vidole na kwa kijiti chembamba, kidogokidogo, ukisuuza kwa maji. Ni kazi ya kutaka subira, na sijaona kazi nyingine inayosaidia okidi ya dukani kuliko hii.

Kisha pitisha vidole kwenye kila mzizi, mmoja baada ya mwingine. Mzizi mgumu unabaki, hata kama rangi yake haikupendezi. Mizizi ya ndani ya kopo mara nyingi huwa ya njano au kahawia kwa kukosa mwanga au kwa kutiwa rangi na magome. Unaobonyea, unaotoa maji, au ambao ganda lake linavulika na kuacha uzi mtupu katikati, huo kata hadi ukute sehemu ngumu. Usihukumu kwa macho, hukumu kwa vidole.

Tumia wembe mpya kwa kila mmea, au mkasi uliochomwa motoni ukapoa. Jambo hili nalisisitiza kwa sababu okidi zina virusi vyake, na viwili vinavyosumbua zaidi ni kile cha mosaiki ya Cymbidium na kile cha madoa-pete ya Odontoglossum. Vinapita kwenye utomvu unaobaki kwenye chuma, havina tiba, na mmea unaweza kuvibeba bila kuonyesha dalili yoyote. Mmea wa meza ya punguzo umepita mikono mingi na mikasi usiyoijua.

Kuhusu mdalasini: unakausha. Kidogo juu ya kidonda cha jani au cha kikonyo, sawa. Juu ya mizizi, hapana, kwani utakausha pia ile mizima uliyohangaika kuiokoa. Peroksidi nayo haichagui kati ya tishu iliyooza na iliyo hai, kwa hiyo iache. Mimi huiacha mizizi iliyokatwa hewani usiku mmoja mahali penye kivuli, vidonda vikauke, basi. Barafu sioni haja yake. Maji ya joto la chumba, mengi, yanayopita kopo zima na kutoka chini, huosha chumvi iliyoachwa na mbolea. Vipande vichache vya barafu haviwezi kazi hiyo.

Udongo wa bustani usiuweke kabisa. Tafuta magome ya msonobari yaliyokatwa vipande vya sentimita moja hadi mbili, changanya na mkaa au pelaiti (zile chembe nyeupe nyepesi za mawe) ukipata. Yaloweke usiku kucha kwanza, kwa sababu gome kavu hukataa maji. Kopo liwe la plastiki linaloonyesha ndani, lenye matundu ya kutosha, na ukubwa wake uufuate wingi wa mizizi iliyobaki, usiufuate upana wa majani. Mmea ukicheza ndani ya kopo, ufunge kwenye kijiti usimame imara. Ncha changa ya mzizi ikisuguliwa na gome kila mmea unapotikisika, haitakua.

Mmea wa pili ndio wenye afya kuliko yote mitatu, ingawa najua haikuonekana hivyo. Phalaenopsis hukua kwenda juu kutoka nukta moja tu. Jani jipya linatoka juu, la zamani kabisa linakufa chini. Moja la chini kuwa njano ni jambo la kawaida, usilivute wala usilikate, litakauka na kuachia lenyewe. Matumba yamenyauka kwa safari, kwa giza la boksi, au kwa gesi ya ethilini inayotoka kwenye matunda yanayoiva. Maduka mengine huweka maua karibu na matunda. Nawe nyumbani usiiweke kando ya bakuli la ndizi. Zaidi ya hapo, angalia lile donge la katikati, na kama mizizi inayoonekana kwenye kopo ni migumu, mwache apumzike.

Kijiti_Kikavu

Naungana na MamaVyungu karibu katika yote. Ninapotofautiana naye ni pale pa kuacha mizizi hewani usiku mzima. Kwa mmea ambao majani yake tayari yamelegea, mimi huupanda papo hapo kwenye magome yenye unyevu kidogo tu, halafu simwagilii kwa siku kadhaa. Vidonda vinakauka humohumo na mmea haupotezi maji ya bure. Wote wawili tunafika, chagua utakayoona rahisi.

Sasa hiyo ya vijiti. Kwa maelezo yako, hiyo ni Dendrobium, na tafadhali usikate kijiti hata kimoja. Okidi hii haikui kwa nukta moja kama Phalaenopsis. Inatambaa pembeni, na kila msimu inatoa kijiti kipya kwenye kitako cha kile cha zamani. Vijiti vya zamani ndivyo ghala lake la maji na chakula. Kukunjamana kwake kunaonyesha ghala limetumika, si kwamba mmea umekufa. Kuna aina nyingi, hasa za jamii ya Dendrobium nobile, zinazopukutisha majani kwa kawaida yake na kutoa maua kwenye vijiti vitupu. Watu wanavitupa vijiti vyenye maua ya mwaka unaofuata ndani yake. Inanisikitisha kila nikiona. Kijiti cha kukatwa ni kile kilichokuwa kahawia chote, kimekauka, na ukikibonyeza kinasikika kitupu.

Ukiona mtoto mwenye majani na mizizi yake anaota kwenye kifundo cha juu, huyo ni mmea mpya. Subiri mizizi yake ifike kama sentimita tano, umtenganishe umpande peke yake.

Vidungata washughulikie hivi: kijiti cha pamba kilicholoweshwa spiriti ya asilimia 70, gusa kila mmoja unayemwona. Kisha vua yale maganda makavu yanayofunika vijiti, maana chini yake ndipo wanapojificha, na ugeuze kila jani. Toa mmea kwenye kopo uchunguze na mizizi, wapo wanaokaa huko. Usifanye juani wala kuuacha juani ukiwa umelowa spiriti, majani yataungua. Rudia kila wiki hata kama huoni kitu, kwa sababu mayai hayafi kwa spiriti kirahisi na wachanga wanaanguliwa nyuma yako. Mmea usirudi kwa wenzake mpaka umepita mwezi mzima au zaidi bila kumwona hata mmoja. Hizo nyingine mbili nazo zikae karantini, mbali na mimea yako ya zamani, japo zinaonekana safi.

Niseme na hili, kwa kuwa limo moyoni mwangu. Mbegu ya okidi ni ndogo sawa na vumbi na haina akiba ya chakula. Porini haioti mpaka ikutane na kuvu wa kuilisha. Watu walihangaika sana mpaka Lewis Knudson alipoonyesha mwaka 1922 kwamba inaweza kuoteshwa kwenye chupa, juu ya agari (rojo iliyoganda itokanayo na mwani) yenye sukari, bila kuvu. Mwaka 1960 Georges Morel akaonyesha jinsi ya kuzalisha okidi nyingi kutoka kwenye ncha ya mmea mmoja. Ndiyo sababu leo zinapatikana kwa wingi na kwa bei nafuu. Lakini urahisi huo haukufupisha sana umri wake: Phalaenopsis iliyotoka kwenye mbegu bado inachukua miaka miwili, mitatu au zaidi kabla ya ua la kwanza. Mtu ameulea mmea muda wote huo, halafu petali zikianguka unawekwa kwenye meza ya nyuma bila hata kumwagiliwa. Kwa hiyo Chipukizi, asante kwa kuzichukua.

Chipukizi_wa_Dirishani

Shikamoo Mama, na shukrani sana kaka Kijiti.

Nimefanya. Ya vijiti iko chumba cha peke yake na nimeshaipitisha spiriti mara ya kwanza. Nilipovua yale maganda makavu nilikuta vidungata wengi kuliko waliokuwa nje. Ndogo ya Phalaenopsis ilikuwa na donge katikati kama mlivyosema, nimelitoa, mizizi yake karibu yote ni migumu, imerudi kwenye magome mapya.

Ile ya kwanza ndiyo inayonitia wasiwasi. Donge lilikuwa limegeuka tope. Nimekata na kukata, mwisho imebaki mizizi mitatu tu, na mrefu kati yao haufiki urefu wa kidole changu cha kati. Shina lenyewe ni gumu na katikati ya majani ya juu pako kijani, pakavu. Naiweka kwenye magome hivyohivyo? Niipe mbolea ipate nguvu? Na kile kikonyo, nusu yake bado ni kijani, nimesikia kinaweza kutoa maua tena kwenye kifundo.

MamaVyungu

Marahaba mwanangu. Umefanya kazi nzuri, na hilo la shina gumu na katikati pa kijani ndilo nililotaka kulisikia. Pale katikati ya majani ya juu ndipo uhai wa Phalaenopsis ulipo. Pangekuwa peusi, pamelainika, na jani la juu linachomoka ukiligusa, ningekwambia uelekeze nguvu zako kwa hizo nyingine mbili. Na kuanzia sasa maji yasilale pale kamwe. Yakiingia wakati wa kumwagilia, yanyonye kwa karatasi laini kabla ya usiku.

Kikonyo kikate, karibu na kitako chake, pamoja na hiyo nusu ya kijani. Ni kweli kwamba kwenye mmea wenye nguvu ukikata juu ya kifundo unaweza kupata tawi jipya la maua. Mmea wenye mizizi mitatu hauna cha kutoa. Nimeona watu wakifurahia maua ya mwisho ya mmea unaokufa bila kujua ndivyo unavyojimaliza.

Mbolea usiipe tone. Mbolea ni chumvi. Isipopata mzizi wa kuipokea inabaki kwenye magome na kuunguza ncha chache zilizopo, au zinazojaribu kuota. Ngoja mizizi mipya ikue vizuri ndipo uanze, na hapo iwe robo ya kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti, na mara moja moja umwagilie maji matupu kuosha mabaki.

Kwa mizizi michache hivyo, magome matupu yatakauka haraka kuliko inavyoweza kunywa. Tumia sfagnamu mpya. Iloweke, halafu ikamue kwa nguvu zako zote mpaka haitoi hata tone, uitandaze kwa ulegevu chini ya mmea. Weka kila kitu ndani ya mfuko mkubwa au boksi la plastiki linaloonyesha ndani, sfagnamu iguse mizizi na kitako tu, majani yasiguse maji. Funga. Hewa ya mle itajaa unyevunyevu na majani yataacha kupoteza maji wakati mmea unatengeneza mizizi. Paweke penye mwanga, kamwe si penye jua la moja kwa moja, maana mfuko utapika mmea. Joto la nyuzi 20 hadi 28 linafaa. Fungua mara chache kwa wiki ubadilishe hewa na kutazama ukungu. Fungua jioni kuliko mchana, kwa sababu Phalaenopsis hufunga vitundu vya majani yake mchana kuzuia maji yasipotee, na kuvifungua usiku kuvuta hewa ya kaboni. Hewa safi inaihitaji wakati huo.

Kisha usiiguse. Hii ndiyo sehemu ngumu kwa mwenye upendo. Itachukua miezi. Huenda ukapoteza jani moja au mawili ya chini, mmea ukiyanyonya ili upate maji. Usiogope, na usiyakate yangali yanachangia. Majani yaliyokunjamana huenda yasinyooke tena hata mmea ukipona kabisa, kwa hiyo usiyatumie kupima maendeleo. Kipimo ni ncha mpya za mizizi kitakoni, zinazong'aa, za kijani au zambarau kidogo, na baadaye jani jipya juu likiwa gumu.

Nuru_ya_Asubuhi

Naongeza kidogo tu kuhusu mwanga, maana hiyo ndogo yenye afya ndiyo itakayokupa maua mapema.

Dirisha linalopata jua la asubuhi ndilo bora. Likipata jua kali la mchana, weka pazia jepesi. Jani lenyewe litakwambia: kijani kilichokolea sana na jani jembamba refu ni dalili ya giza, wekundu kwenye kingo ni mwanga mwingi, kijani cha kati ndicho unachokitaka. Mmea hauwezi kuishi kwa maji bila mwanga, na wengi wanaficha okidi katikati ya sebule kwa sababu inapendeza pale.

Kumwagilia usifuate kalenda. Tazama mizizi kupitia kopo: ikiwa kijani, ngoja, ikigeuka fedha na kopo likawa jepesi mkononi, mwagilia mpaka maji yatoke chini, achia yachuruzike yote, ndipo urudishe kwenye chungu cha kauri. Chungu chenyewe kitumike kwa pambo tu.

Na mmea ukishakomaa, kinachouamsha kutoa kikonyo hasa ni ubaridi. Wiki chache za usiku wa nyuzi 16 hadi 18, na mchana wenye joto zaidi ya hapo. Nyumba yenye joto lilelile mchana na usiku mwaka mzima inaweza kukupa majani mazuri bila ua hata moja.

Chipukizi_wa_Dirishani

Nimewaelewa wote. Ya kwanza imo mfukoni na kikonyo nimekikata.

Swali moja la mwisho. Kwenye hiyo ndogo kumeanza kujitokeza kitu cha kijani, kati ya jani la pili na shina, kidogo kuliko punje ya mchele. Nitajuaje kama ni mzizi au ni kikonyo? Na yule wa mfukoni akitoa kitu kama hicho nitajuaje?

MamaVyungu

Kwa ukubwa huo hata mimi nisingeapa. Acha kikue. Mzizi una ncha ya mviringo, laini, inayong'aa, na muda si mrefu velameni nyeupe itaanza kuonekana nyuma ya ncha huku wenyewe ukielekea pembeni au chini. Kikonyo kina ncha bapa kidogo iliyochongoka upande mmoja, kinapanda juu kufuata mwanga, na kikifika sentimita mbili au tatu utaona kifundo cha kwanza kimefunikwa na gamba dogo. Mzizi hauna vifundo kamwe.

Kwenye hiyo ndogo, kikiwa kikonyo, kiache, ila usiugeuzegeuze mmea, kikonyo hupinda kikitafuta mwanga. Kwa yule wa mfukoni, ukiona mzizi, usibadilishe chochote, mwache humohumo mpaka mizizi kadhaa iwe imefika kama sentimita tano ndipo umzoeshe hewa ya nje taratibu. Ukiona kikonyo, kikate siku hiyohiyo.